Bunduki Iliyopimwa kwa Povu

3 Novemba 1997, Mwamgongo

Elida mke wangu, daftari hili ulinipa wewe siku natoka kambi ya wakimbizi. Ulisema barua zinapotea njiani, bora niandike humu, utasoma nikirudi. Nilikwambia mimi niliishia darasa la tano. Ukanitilia na kalamu mfukoni. Basi soma polepole, mwandiko wangu unaujua.

Huku hakuna barabara. Nimekuja kwa boti kutoka Kibirizi, njia nzima natapika. Mbele ziwa, nyuma milima, kijiji kimebanwa katikati. Asubuhi isiyo na mvua naiona milima ya kwetu ng'ambo, na kuiona hakunisaidii kitu. Mzee Filemoni amenichukua kibarua: nilime mahindi yake, nipalilie, nilinde nyani mpaka mavuno, ndipo anilipe. Shamba limening'inia mlimani. Ukiachia jembe unaliokota ziwani. Nalala dunguni, kibanda cha mlinzi juu ya miti minne.

4 Novemba

Mvua.

8 Novemba

Nyani wamefukua mistari sita ya mbegu. Wanafuata mstari bila kukosea, utadhani walipanda wao. Nimepiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Mama Verediana, mke wa Mzee, amepanda kuangalia hasara. Akasimama mikono kiunoni.

"Mkongo, nilidhani tumechukua mlinzi. Kumbe tumewaletea nyani mpiga ngoma."

Nikamwambia, Mama, ni wengi. Akasema hata midomo ya kula ugali wake ni mingi na hajawahi kuipigia debe.

15 Novemba

Mzee ametoa bunduki uvunguni. Ni ya marehemu baba yake, aliinunua enzi za Mwingereza. Mitutu miwili imelala pamoja, na chuma chake kina maua kama ngozi ya nyoka moma, kwa sababu kilisukwa kwa vipande vya chuma vilivyofuliwa pamoja. Ni kitu kizuri kukitazama. Risasi zake zilikuwa za karatasi, fupi, zenye marisau, vile vigololi vya risasi, na baruti nyeusi ndani. Ziliisha zamani. Sasa mkwe wake wa mjini amemletea mpya, za plastiki nyekundu, kumi. Ni ndefu kuzidi zile. Ukizitia, bunduki haikubali kufunga.

Nikasema, "Mzee, ikikataa kufunga ina sababu yake."

"Bunduki haina sababu," akasema. "Ina fundi."

19 Novemba

Fundi mwenyewe ni Hamdani, mtu wa Ujiji. Kazi yake ni karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi wa dagaa wanatundika mtumbwini. Kwa karabai hana mwenzake pwani hii, hilo nakiri. Amesema atachonga ndani ya mitutu, pale risasi inapokaa, mpaka hizi ndefu zilale vizuri.

Nilimweleza taratibu. Unajua, Elida, miaka sita nilitoboa mawe machimboni Kalemie. Baruti nyeusi inasukuma jiwe kama mtu anavyosukuma toroli. Hii ya kisasa inalipiga kofi. Mtutu huu, nikamwambia Hamdani, ulitengenezwa kwa kusukumwa, na wewe unataka kuupunguza unene hapohapo kofi litakapopiga.

Hamdani akacheka na meno yake yote. "Babu yangu naye alitoka huko kwenu, kaka. Lakini yeye alikuja kwa miguu yake, hakukimbia kitu. Wewe unakimbia mpaka bunduki ambayo haijalia."

Watu wa kibarazani wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini.

20 Novemba

Mvua. Nyani hawajali mvua.

21 Novemba

Mvua.

27 Novemba

Leo bunduki imepimwa. Nakuandikia ilivyokuwa, maana ningesimuliwa nisingeamini.

Karabai iliyotengenezwa hupimwa hivi: Hamdani anaijaza upepo kwa pampu, anaichovya kwenye pipa la maji, anaangalia. Likitoka povu, inavuja. Lisipotoka, nzima. Wavuvi wote wanajua kipimo hicho na wanakiamini kuliko saa. Basi mtutu nao ameufanyia vilevile. Ameziba upande mmoja kwa mpira wa baiskeli, upande wa pili amefunga pampu, kijana wa mtu akasukuma mpaka jasho likamtoka. Wakauchovya. Nusu ya kijiji imeinamia pipa. Hakuna povu. Mtutu wa pili, hakuna povu. Watu wakapiga makofi, Mzee akampa Hamdani mkono.

Nikasema mbele ya wote kwamba povu linaonyesha tundu, halionyeshi nguvu. Kwamba sufuria haivuji maji, lakini ukiikanyaga inabonyea. Kwamba pampu ya baiskeli na risasi ni mtoto na treni.

Hamdani akaniuliza, "Wewe umetengeneza karabai ngapi?"

"Hata moja."

"Haya."

Na hilo likawa jibu. Watu wakaondoka wameridhika.

28 Novemba

Nimemwomba Mzee jambo dogo. Tuifunge bunduki kwenye mti, tufunge kamba kwenye kifyatulio, tuvute tukiwa nyuma ya jiwe. Siyo mara moja, mara kadhaa. Machimboni ndivyo tulivyofanya kwa kitu tusichokijua.

"Risasi ziko kumi," akasema Mzee. "Nimalize kumi kwa kuua mti?"

30 Novemba

Mzee amepanda dunguni na bunduki, akaninyooshea. Nikakataa. Kwa adabu, macho chini, nikasema, "Mzee, hii hapana."

Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alisema mahindi yakianza kubeba atahitaji mlinzi anayepiga, na kama siyo mimi atatafuta mwingine, wakimbizi hawajaisha. Halafu akaiweka begani mwenyewe, akapiga juu ya mti walipokuwa nyani. Nililala kifudifudi. Mlio ukaenda mpaka ziwani ukarudi. Nyani wakatawanyika. Mzee yu mzima, ananitazama nilivyolala kwenye tope.

Jioni Mama Verediana amenipakulia ugali akaniuliza kama nitaweza kula peke yangu au nao unatisha.

9 Desemba

Amepiga ya pili. Hakuna kitu.

10 Desemba

Nimepalilia upande wa juu. Mgongo.

18 Desemba

Amepiga ya tatu na ya nne, mtutu mmoja baada ya mwingine. Hakuna kitu. Watoto wa kijiji wakiniona wanalala kifudifudi. Hata mbuzi wa jirani nadhani ananicheka.

Nimeanza kujiuliza. Labda najua mawe tu. Labda chuma cha Mwingereza kina subira ambayo siijui.

24 Desemba

Nikwambie ukweli, maana ndio niliokuahidi. Leo nimepiga. Nyani walishuka ishirini na zaidi, mahindi yameanza kutoa ndevu, Mzee amesimama nyuma yangu anasubiri. Nikaichukua. Nikafumba macho, nikapiga. Bega likaniuma, basi. Nilipofumbua macho Mzee anatabasamu, ameniita Amosi. Tangu nifike alikuwa ananiita wewe.

Nilifurahi, Elida. Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo. Hofu yote ile, na nikafurahi kwa jina langu mwenyewe. Lakini wakati wa kuifunga niliona inacheza kwenye bawaba, kidogo tu, kama jino la mtoto. Mzee nikamwambia. Akasema ni baridi.

2 Januari 1998

Mvua siku nne. Njia ya kwenda kisimani imekwenda ziwani. Boti haziji.

6 Januari

Hamdani ameichukua bunduki, ati kuisafisha. Ameirudisha jioni, haniangalii usoni. Mtu aliyezoea kunicheka akiacha kunicheka, nashtuka.

8 Januari

Mzee amenipa bunduki niikaushe, imenyeshewa. Nilipofungua ule ubao wa chini, anaposhika mkono wa kushoto, nikaona mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu kwenye mtutu wa kushoto, urefu wa kidole, umepakwa masizi juu yake. Nikayafuta. Shaba. Lehemu ileile ya karabai.

Nikamfuata Hamdani bandani kwake.

"Hii nini?"

"Pambo."

"Hamdani."

Akafunga mlango. Akasema baada ya zile risasi za mwisho aliupima mtutu tena kwenye pipa, hivyohivyo, kwa kujiridhisha. Likatoka povu. "Dogo, kaka. Kama la samaki mmoja. Nimeliziba, halitoki tena."

"Chuma kimepasuka na wewe umekitia shaba?"

"Karabai naziba hivyo kila siku."

"Kamwambie Mzee."

Hapo akanishika mkono. Akasema wavuvi wakisikia fundi amekosea bunduki hawatampelekea tena taa, na ana watoto saba na hana kazi nyingine anayoijua. Nikaona siyo mjinga kama nilivyodhani. Ni mtu aliyeogopa, kama mimi. Nikasema ana siku mbili amwambie mwenyewe.

9 Januari

Nilikataa kupiga leo. Nilisema inacheza. Shaba sikuitaja. Mzee akatoka, akarudi na kanga ya Mama Verediana, akaitundika kwenye ngazi ya dungu mbele ya vibarua wa shamba la pili. "Ukilinda leo, vaa hii." Walicheka mpaka wakakaa chini.

Niliapa kimoyomoyo kwamba sitasema tena neno lolote juu ya bunduki yao. Waione wenyewe.

13 Januari

Naandika leo yaliyotokea tarehe kumi na moja. Jana mkono haukutaka.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, ukungu bado uko mabondeni. Siku mbili za Hamdani zilikuwa zimepita na alikuwa hajasema kitu. Nilijua hajasema, maana Mzee alipanda na bunduki akipiga mluzi. Mama Verediana alikuwa nyuma yake na kapu la kuchumia maharage. Nyani walikuwa kwenye mistari ya chini wanavunja mahindi mabichi, wanauma mara moja wanatupa. Mzee akatia risasi mbili. Alinipita, na kanga ile bado ilikuwa pale kwenye ngazi, imelowa.

Kutoka aliponipita mpaka aliposimama ni hatua kumi na tano. Nimezihesabu baadaye. Ni nafasi ya kutosha kusema, Mzee, mtutu wa kushoto umepasuka, Hamdani ameuziba. Maneno sita, saba. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilitazama kanga, nikayameza.

Nilichofanya ni kumwambia Mama Verediana, "Mama, kaa huku nyuma ya kichuguu." Akauliza kwa nini. Nikamvuta mkono. Akaanza kunigombeza kwa kumshika.

Mlio haukuwa kama ule mwingine. Ulikuwa mfupi, mkavu, kama mti unapokatika. Moshi ulitoka katikati ya bunduki, siyo mbele. Mzee alibaki amesimama. Aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali fulani. Vidole viwili havikuwepo na cha tatu kilikuwa kinaning'inia. Shavu limechanika mpaka sikioni. Akasema, "Amosi, imelia?" Kisha akakaa.

Nilifunga mkono kwa ile kanga. Ndiyo iliyokuwa karibu. Nilikaza kwa kijiti juu ya kiwiko, tulivyofanya machimboni, nikambeba mgongoni kushuka. Mama Verediana alitangulia mbele akiondoa mawe njiani kwa mikono, halii, anasema tu, "Polepole hapa. Hapa pana utelezi." Zahanati wakamfunga upya. Mwenye boti hakutaka kutoka kwa mawimbi. Mama akaingia botini akakaa, akamwambia amtoe kama anaweza. Wakaondoka kwenda hospitali mjini.

Bunduki niliirudia mwenyewe mlimani. Mtutu wa kushoto umefunguka kama ganda la ndizi, pale palepale kwenye shaba. Wa kulia bado una risasi. Bunduki imepinda, haifunguki, na risasi haitoki.

15 Januari

Kijiji kimeshapata jibu. Mkongo alitabiri tangu Novemba, mara ngapi, mbele za watu. Aliyejua ndiye aliyefanya. Alimvuta Mama pembeni, kwa nini? Muuza duka hakuniuzia chumvi. Hamdani yupo kibarazani na wenzake, anatazama miguu yake.

17 Januari

Hamdani amesema. Sikumlazimisha, sikuwa na nguvu hizo. Alisimama bandani pake wavuvi walipokuja kuchukua karabai zao, akawaambia yote, povu na shaba. Mmoja akachukua taa yake akaondoka. Wengine wawili wakamwachia zao. Alikuja kunisimulia, akakaa nami kula dagaa.

26 Januari

Mzee amerudi, mkono umefungwa mkubwa kama mzinga, kidole kilichoning'inia wamekishona. Ameniita barazani, Mama Verediana yupo. Nikaamkia, akaitikia. Nikaona nisimfiche kitu. Nikamwambia kwamba niliijua ile shaba siku tatu kabla, na nilinyamaza kwa sababu ya kanga.

Aliuweka ule mkono juu ya paja.

"Novemba ulinikataza," akasema. "Desemba ulinikataza. Nilikusikia. Lakini ulinikataza kama mkimbizi, Amosi, macho chini, hapana Mzee, samahani Mzee. Nikajua huyu anaogopa kazi. Mtu anayejua kitu anamshika mwenzake shati."

Nilitaka kumuuliza ni mkimbizi gani aliyewahi kumshika tajiri wake shati akabaki na kazi. Mama Verediana akaniwahi. "Angekushika ungemfukuza, Filemoni. Usitafute wa kumgawia vidole vyako."

Wote wawili wamesema kweli, na hiyo inaniudhi zaidi.

30 Januari

Nilidhani yamekwisha. Watu hawa, Elida, watu hawa.

Oswald amekuja kutoka Kalinzi. Ni mdogo wake Mzee, nguruwe pori wanamalizia mihogo yake. Anataka bunduki. Ipi? Ileile. Mtutu wa kushoto ukatwe, wa kulia si mzima? Mzee, na vidole vitatu mkononi, anatikisa kichwa kwamba ni kweli, wa kulia haujawahi kuleta tabu. Nikawaambia ulichongwa siku moja na ule mwingine, na una risasi imekwama ndani. Oswald akasema hilo dogo, risasi itagongwa kwa msumari na nyundo kutoka mbele, itarudi ilikotoka.

Machimboni mwenzangu Feliksi aligonga baruti iliyokataa kuwaka. Tulizika buti.

Safari hii nilimshika Oswald shati. Nilishika kweli, kola kwa mikono miwili. Nikamwambia usiiguse. Akanisukuma nikaanguka kwenye majiko. "Kibarua wa kaka yangu ananishika?" Mzee akaniambia nitoke kwake. Msumari watautafuta kesho, leo Oswald amechoka na safari.

31 Januari

Kumepambazuka. Mama Verediana alikuwa anafagia uwanja. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani jikoni, mdomo juu, kuku wanapita chini yake. Nikaichukua mbele ya macho yake. Alifagia mara mbili tatu, kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka wa zamani, akautupa miguuni pangu.

"Boti iko ufukweni," akasema. "Mimi nafagia."

Mahindi yamebaki wiki tatu. Nimeyatazama mara moja tu.

Nahodha nilimwambia ukweli, kwamba mkekani mna bunduki mbovu yenye risasi. Akanipa ubao wote wa mbele peke yangu, na abiria wakasongamana nyuma mpaka boti ikainua pua. Nilikaa njia nzima mdomo wa bunduki ukitazama maji. Sikutapika.

Jioni, Kigoma mjini

Nimekaa benchi la kituo cha polisi. Wameniruhusu niandike nikisubiri.

Askari wa mezani ni kijana, ana mafua. Aliuliza bunduki ya nani, nikasema. Kibali cha nani, nikasema cha marehemu. Akacheka kidogo, akaandika. Nilijua Mzee ataitwa, na atanichukia mpaka kaburini, lakini vile vidole vyake vitatu vitabaki vitatu.

"Na wewe? Kibali cha kutoka kambini?"

"Sina."

"Ulijua tutakuuliza?"

"Ndiyo."

Akaniangalia. "Lori la kambini ni Alhamisi," akasema. "Utalala hapahapa." Basi unaona, Elida, nitafika kabla ya mavuno, mikono mitupu.

Halafu akaufungua mkeka, akaiweka bunduki juu ya meza kati ya karatasi zake, mtutu wa kulia ukimwelekea tumboni, akainama kuandika namba zake. Nikasimama.

"Afande, geuza hiyo."

"Imevunjika."

"Ina risasi. Igeuze ukutani, na usiigonge. Sasa hivi."

Sikutazama chini. Alicheka, akapangusa pua. Kisha akaigeuza.